Tikal: Usiangalie piramidi tu, ulizia maji



Mwaka jana nikiwa mafunzoni Guatemala tulipewa siku moja ya kutembelea Tikal, mji wa kale wa Wamaya. Wenzangu mbio kwenye Hekalu la 4, lenye urefu wa mita 65 hivi. Mimi nikamwambia mwongoza watalii: bwana, nionyeshe mabwawa.

Tikal haina mto. Viwanja vyake vilisakafiwa na kupewa mteremko ili maji ya mvua yashukie mabwawani. Mji ukaishi hivyo karne nyingi. Baadaye ukame ukabana, baadhi ya mabwawa yakachafuka, watu wakahama. Jiwe lao la mwisho la kumbukumbu lina tarehe ya mwaka 869.

Nikaona aibu. Mara ngapi nimemshauri kijana anunue pampu kabla hatujajua kiangazi atavuta maji wapi? Hapo nilikosea. Sasa nasema wazi: hifadhi ya maji kwanza, pampu baadaye. Na mifugo na mabaki ya dawa visifike bwawani.

Bati lako linamwaga maji bure kila masika. Anzia hapo.