Kutapika kwenye bembea si uoga

Mama mmoja wa Njoro ameniandikia barua ndefu kuhusu mwanawe wa miaka tisa. Walikwenda shoo mjini Nakuru, yeye, watoto na mjomba wao. Kijana akapanda vile viti vinavyoning'inia kwa minyororo na kuzungushwa. Aliposhuka alitapika mbele za watu. Mjomba akamcheka sana, akasema huo ni uoga, na uoga huondolewa kwa kumtia mtu katika jambo analoliogopa. Akamnunulia tikiti ya pili, akampandisha lile gurudumu kubwa linalokwenda juu. Huko mtoto hakutapika hata kidogo, lakini alilia tangu lilipoanza kupanda mpaka liliposimama. Tangu siku hiyo kijana hataki kusikia habari za shoo, na sasa anakataa hata kupanda matatu kwenda kwa nyanya yake Kabarnet. Mama anauliza: je, mwanangu ni mwoga?

La hasha, mama. Mwanao alipatwa na mambo mawili tofauti katika saa moja, na mjomba akayafanya kuwa jambo moja. Viti vya minyororo vilimtia kigegezi. Gurudumu lilimtia hofu. Kila moja lina chanzo chake na dawa yake.

Tuanze na kigegezi. Ndani kabisa ya sikio mna vijifereji vitatu vyenye majimaji. Ukigeuza kichwa, majimaji hayo hubaki nyuma kidogo, na vinyweleo vilivyomo huupasha ubongo habari kwamba umegeuka. Kando ya vijifereji hivyo mna vijiwe vidogo mno vya chokaa, ambavyo kazi yake ni kuhisi kupanda, kushuka na kuinama. Macho nayo hupeleka habari zao, na misuli na viungo vya mwili vivyo hivyo. Mashahidi hawa wakisema mamoja, wewe hujui hata kama wapo. Taabu huja sikio linaposema tunakwenda huku macho yakisema tumetulia, au kinyume chake. Hapo ndipo mtu hupiga miayo, uso ukapauka, jasho baridi likamtoka, mate yakamjaa kinywani, na mwisho akatapika.

Kwa nini tumbo liingie katika kesi ya sikio na macho? Mwaka 1977 mtaalamu Michel Treisman alitoa wazo kwamba ubongo, ukiona mashahidi wanapingana, hudhani umekula sumu, na hivyo huamuru tumbo liitoe. Wazo hilo halijathibitishwa, lakini mimi naliona lina akili. Lililo hakika ni hili: mtu ambaye viungo hivyo vya masikio yote mawili vimekufa hatapishwi na mwendo, hata mawimbi ya bahari yawe makubwa namna gani, ilhali mtu asiyeona kabisa aweza kutapika. Sasa niambie, ushujaa umeingia wapi hapo? Nelson, yule jemadari wa majini wa Uingereza, alisumbuliwa na bahari maisha yake yote, na bado alipigana vita vyake huko huko baharini. Wenzetu wa pwani wana neno zuri kwa hali hii: husema mtu amelewa bahari. Hawasemi ameogopa bahari.

Umri nao una sehemu yake. Mtoto wa chini ya miaka miwili ni nadra kutapishwa na mwendo. Taabu huanza baadaye, hufika kilele kati ya miaka sita na kumi na miwili hivi, kisha hupungua. Kijana wa Njoro, kwa miaka yake tisa, yuko kileleni kabisa.

Si kila bembea huleta taabu ile ile. Zinazozunguka ndizo mbaya zaidi kwa kigegezi, hasa mtoto akigeuza kichwa huku na huko kuwatafuta wenzake wakati kiti kinazunguka. Majimaji ya sikio huvurugika pande mbili kwa wakati mmoja. Mwambie akiegemeze kichwa na kutazama mbele. Ile mashua inayobembea mbele na nyuma huchanganya mambo: inaposhuka, mwili huwa kama umepoteza uzito kwa nukta chache, na matumbo, ambayo kwa kawaida hukaa chini, huacha kukandamiza. Ndiyo maana watu husema tumbo limepanda mpaka kifuani. Magari ya relini yanayopanda na kuporomoka, ambayo ni mashuhuri katika nchi za ng'ambo, hutisha kuliko yanavyotapisha, kwa sababu safari yake huisha kwa dakika chache.

Gurudumu kubwa ni kitu kingine kabisa. La kwanza la namna yake lilitengenezwa na mhandisi George Ferris kwa maonyesho ya Chicago mwaka 1893, nalo lilikuwa na kimo cha mita 80 hivi. Huenda polepole, na macho huona mbali, kwa hivyo masikio na macho hayana ugomvi mkubwa. Linachogusa ni hofu ya kimo. Moyo huenda mbio, viganja hulowa, magoti hulegea. Hiyo ni kazi ya adrenalini, na wala si ugonjwa. Binadamu ameumbwa kuogopa kuanguka, na asiyeogopa hata kidogo ndiye wa kuangaliwa.

Utatofautishaje, wewe mzazi uliyesimama pale chini na mikoba? Tazama taabu ilianza lini. Hofu huanza mtoto akiwa bado kwenye foleni, na aghalabu huisha miguu ikigusa ardhi. Dakika tano baadaye anaomba soda. Kigegezi huja baada ya mizunguko kadhaa, mtoto hunyamaza ghafla, na akishuka bado huendelea kuona dunia inazunguka. Mwenye kigegezi mketishe kivulini, atazame kitu kisichosogea, anywe maji kidogo kidogo. Usimkimbize kwenye bembea nyingine. Mwenye hofu msikilize. Akitaka, mwanzishie bembea ya chini na ukae naye. Asipotaka, basi, pesa zako zimepona.

Na hofu nyingine ina haki. Ukiona mkanda haufungi, mnyororo umeliwa na kutu, au mwendeshaji anawajaza watoto kupita kiasi, ondoka na mwanao. Mama mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo na mwenye maumivu ya shingo au mgongo wasipande zile za kutikisa, hata wakichekwa na ukoo mzima.

Sasa turudi kwenye matatu ya Kabarnet, maana hilo ndilo linalonihuzunisha katika barua hii. Shoo ni mara moja kwa mwaka, lakini nyanya ni nyanya. Mtoto huyu haogopi gari. Anaogopa kutapika tena na kuchekwa tena. Na hofu hiyo yenyewe huongeza kigegezi, hivi kwamba anaanza kuumwa kabla ya gari kung'oka stejini. Mjomba aombwe kwa heshima asilitaje jambo hili tena mbele ya watoto.

Njia ya Nakuru hadi Marigat haina taabu sana. Ni baada ya Marigat, gari linapoanza kuikwea milima ya Tugen kwa kona zake, ndipo wengi hushikwa. Kwa hiyo mtafutie mtoto nafasi ya viti vya mbele, na kamwe si kile kiti cha nyuma kabisa kinachorushwa. Atazame mbali barabarani, gari linakoelekea. Mnyang'anye simu, kwa maana macho yakikaza kwenye kioo kidogo huku mwili ukirushwa kwenye kona, umeitafuta shari mwenyewe. Dereva hatapiki kwa sababu anaijua kona kabla haijafika. Mtoto anayetazama mbele hupata sehemu ya ujuzi huo. Dirisha lifunguliwe kidogo. Asubuhi ale kitu chepesi, kama kipande cha mkate, wala si chipsi zilizojaa mafuta, na asisafiri na njaa pia. Zamani makanga aliwagawia abiria mifuko ya plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Kenya mwezi wa Agosti 2017, kwa hivyo beba mkebe wenye kifuniko. Mtoto akijua mkebe upo, nusu ya wasiwasi humwondoka. Marigat mshuke kidogo kama gari linasimama. Wengine wakinunua asali, yeye apunge hewa.

Zaidi ya hayo, mwili huzoea. Baharia mgeni aghalabu hutulia baada ya siku tatu hivi. Safari fupi fupi, Njoro hadi Nakuru na kurudi, zitamjenga kabla ya ile ndefu.

Kuhusu dawa: tangawizi huwasaidia baadhi ya watu, na haina gharama. Vidonge vya dukani ni vya kuzuia, si vya kutibu, kwa hivyo humezwa kabla ya safari; ukingoja mpaka mtoto aanze kutapika, umechelewa. Vingi huleta usingizi. Usikate kidonge cha mtu mzima kwa kukisia. Mwambie mwuza dawa umri na uzito wa mtoto, na kumbuka kwamba promethazini hairuhusiwi kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Dereva asimeze vidonge hivi kisha akashika usukani.

Lakini mtoto akipata kizunguzungu nyumbani bila kupanda chochote, au akitapika asubuhi akilalamika kichwa, au sikio likitoa usaha, likavuma au likaacha kusikia vizuri, hiyo si habari ya bembea tena. Mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo, na iwapo ilianza baada ya kuanguka na kugonga kichwa, mpeleke siku hiyo hiyo.