Nani Aliyesema Mwenye Mfuko Hazai?

Maneno yenyewe husemwa nje ya wodi, mgonjwa akiwa bado hajazinduka vizuri kutoka kwenye dawa ya usingizi. Shangazi anamvuta kijana pembeni: "Mwanangu, wewe bado mdogo. Huyu mwenzio sasa anajisaidia tumboni, mtaishi vipi? Na watoto utazaa na nani?" Hakuna daktari aliyeulizwa, hakuna muuguzi aliyeitwa. Ndoa imeshahukumiwa kabla mwenye ndoa hajafumbua macho, na ukoo wote unaipokea hukumu hiyo kana kwamba imeandikwa kwenye cheti cha hospitali.

Naipinga hukumu hiyo yote. Si kweli kwamba mtu aliyetolewa utumbo nje hawezi tena unyumba. Si kweli kwamba mwanamke mwenye mfuko wa choo hashiki mimba, wala kwamba akishika itamuua. Imani hii imekaa kwetu kwa sababu wanaojua wameona haya kusema, na wasiojua hawakuona haya.

Tuanze na kitu chenyewe. Utumbo ukijisokota, ukitobolewa na taifodi, ukichanika kwa ajali ya bodaboda au ukiota saratani, daktari wa upasuaji hukata sehemu iliyoharibika na kuitoa ncha iliyo salama kupitia ukuta wa tumbo. Ukiwa ni utumbo mpana huitwa kolostomi, ukiwa ni utumbo mwembamba ni ileostomi. Wapo pia ambao njia ya mkojo ndiyo imehamishiwa tumboni. Kinachobaki nje ni kinundu chekundu chenye unyevunyevu, kama nyama ya ndani ya shavu. Hakina mishipa ya kuhisi maumivu. Ukikipangusa kwa nguvu hutoa damu kidogo, kisha ikakoma. Juu yake hubandikwa mfuko. Na kwa wengi wenye mfuko wa choo, mfuko huo ni wa miezi tu: hali ikitengemaa, utumbo huunganishwa tena na tundu likafungwa. Kuna ndoa zimevunjwa kwa jambo ambalo daktari alikuwa ameshapanga kulirudisha ndani.

Sasa tazama kinundu hicho kilipo: kando ya kitovu, ubavuni. Mji wa mimba uko chini, kwenye nyonga, pamoja na mirija na vifuko vya mayai. Mwanamke ambaye utumbo wake ulijisokota ukakatwa, mara nyingi kisu hakikufika kabisa kwenye kizazi chake. Hedhi yake itarudi. Mayai yake yatapevuka. Mtu anayemwita tasa hana alichokiona isipokuwa mfuko.

Sisemi kwamba hakuna madhara, na wala sitaki mtu adanganywe upande wa pili. Upasuaji wa sehemu ya mwisho ya utumbo, hasa wa saratani, hupita karibu na mishipa ya fahamu inayoendesha nguvu za kiume. Mwanamume anaweza kuamka akakuta hasimamishi kama zamani. Mionzi ya nyonga inaweza kuua mayai na kukausha uke. Usaha ulioenea tumboni unaweza kuacha makovu kwenye mirija. Haya ni kweli, na ndiyo hasa yanayotakiwa kuzungumzwa kabla ya mgonjwa kutia sahihi ya upasuaji, maana mengine yana dawa na mengine yana tahadhari ya mapema. Lakini tofautisha: aliyeyaleta ni saratani, mionzi, usaha. Tundu la tumboni linabeba lawama ya wenzake.

Jamii yetu ina elimu ya chumbani ya siku nyingi. Mwari wa pwani hukabidhiwa kwa somo, akafundishwa udi, asumini, shanga, namna ya kumpokea mume na namna ya kuzungumza naye kwa jicho. Dar es Salaam kicheni pati huchangiwa fedha nyingi, na makungwi hulipwa waseme yasiyosemwa mezani. Elimu yote hiyo inamhusu mwanamke mwenye afya. Siku mwili ukipata kovu, somo hayupo, kungwi hana la kusema, na bibi harusi wa juzi anajifunika gauni mpaka shingoni akageukia ukutani. Mume naye anahamia sebuleni. Yeye anadhani mke hamtaki. Mke anadhani anaonewa kinyaa. Wanaweza kukaa hivyo mwaka mzima bila hata mmoja kuuliza.

Na yanayotakiwa kufundishwa si mengi. Vidonda vikishapona na daktari akaruhusu, mfuko humwagwa kwanza, ukakunjwa au ukabadilishwa kwa mdogo zaidi. Kanga nyepesi hufungwa kiunoni ikaushikilia usichezecheze. Uzito wa mwenzi hauumizi utumbo uliopona, ila ikiwa unamtia hofu, walale ubavu. Jioni hiyo apunguze maharage, kabichi na soda, maana vinaleta gesi. Uke ukiwa mkavu, famasi zinauza jeli ya kulainisha. Mume aliyepungukiwa nguvu arudi kwa daktari. Zipo dawa, na huo ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, si kurogwa wala unyonge. Na tundu la tumboni si mahali pa tendo lenyewe, hata kidogo: utumbo utachanika. Somo yeyote mwenye akili angeyafundisha haya kwa alasiri moja.

Imani hii inaua pande mbili. Anayetaka mtoto inamkatisha tamaa. Asiyetaka mtoto kwa sasa inamtega, kwa sababu ameambiwa hazai, hivyo hajikingi, na mimba inaingia kabla kovu halijakauka, wakati madaktari wengi hushauri asubiri kama mwaka mmoja baada ya upasuaji. Liko pia jambo jingine ambalo wenye ileostomi wanapaswa kuambiwa waziwazi. Chakula na dawa vinapita haraka, na ikiwa utumbo uliobaki ni mfupi au choo kinatoka kingi kama maji, vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki. Baadhi ya dawa zenye ganda gumu huonekana mfukoni zikiwa nzima. Mwanamke huyo afadhali ajadiliane na mtoa huduma juu ya sindano, kijiti au kitanzi. Lakini nani atamjadilia, kama ukoo na hospitali wote wameshakubaliana kimyakimya kwamba hana tena unyumba?

Mimba yenyewe je? Wanawake wenye kolostomi na ileostomi wanabeba mimba na kuzaa duniani kote, na hili liko katika vitabu vya utabibu kwa miongo mingi. Mtoto hakai kwenye utumbo wala halishwi kutoka mfukoni. Analishwa na kondo la nyuma, na damu ya mama. Kinachobadilika ni kazi ya kila siku. Tumbo linapokua, kinundu hutanuka na wakati mwingine huchomoza zaidi, kwa hiyo tundu la kibandiko lililokatwa mwezi wa tatu halitoshi mwezi wa sita. Mama hupima upya, huchukua mkasi mdogo, akakata duara pana kidogo, akalainisha kingo kwa kidole zisikwaruze. Ikifika miezi ya mwisho hakioni tena kinundu chake kwa sababu tumbo limekifunika. Husimama mbele ya kioo, au hushika kioo cha mkononi chini ya tumbo, akabandika kwa kukitazama humo. Mume aliye karibu angeweza kumshikia hicho kioo.

Hatari zipo na zinajulikana. Mwenye ileostomi hupoteza maji na chumvi zaidi ya watu wengine, kwa hiyo kutapika kwa miezi ya mwanzo kunaweza kumkausha upesi. Anywe maji ya ORS na asingoje mpaka macho yaingie ndani. Mji wa mimba ukikua unaweza kuubana utumbo ukaziba. Mfuko ukikaa saa kadhaa bila kupata kitu, tumbo likasokota na matapishi yakaja, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, usiku ule ule, wala si ya kungoja kliniki ya Jumatatu. Siku ya kujifungua, mfuko peke yake si sababu ya kisu. Wengi husukuma kwa njia ya kawaida, na wanaopasuliwa hupasuliwa kwa sababu zilezile za mama mwingine yeyote; ila aliyefanyiwa ukarabati sehemu za siri au njia ya haja kubwa hushauriwa upasuaji ili kazi ile isifumuke. Mama huyu anatakiwa kuzaa hospitali yenye daktari wa upasuaji, si kwa mkunga wa jirani. Baada ya kujifungua, kwa kawaida kinundu hurudi kuwa karibu na kilivyokuwa.

Anayehitaji ushahidi wa karibu zaidi aende kwenye wodi za fistula, kama za hospitali ya CCBRT Dar es Salaam au Panzi kule Bukavu, hospitali ya Dk. Denis Mukwege aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018. Mwanamke aliyechanika vibaya, kwa uzazi au kwa unyama wa vita, wakati mwingine huwekewa kolostomi ya muda ili choo kisipite kwenye kidonda mpaka kipone. Kwake yeye, mfuko ndio unaomrudisha kwenye maisha, na ndoa ikiwemo.

Nitajibiwa: "Unasema kwa sababu hujalala na harufu." Nimelisikia neno hilo, nalo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mfuko uliotengenezwa vizuri hautoi harufu. Huzuia hewa isivuje, na mingi ina kichujio cha mkaa. Harufu husikika unapomwagwa, kama choo cha mtu mwingine yeyote, au unapovuja. Kinachonuka kwetu ni ukosefu. Mwanamke aliyeruhusiwa kutoka hospitali bila mfuko wa kutosha anafunga kitambaa, kipande cha kanga kuukuu, au mfuko wa plastiki kwa kamba kiunoni. Ngozi inaungua kwa choo, anavuja akiwa kwenye daladala, kisha tunasema mwili wake ndio mchafu.

Mwaka 1954, nchini Denmark, muuguzi Elise Sørensen alikuwa na dada yake, Thora, aliyefunguliwa tundu tumboni na ambaye hakuthubutu kutoka nyumbani kwa kuogopa kuvuja mbele za watu. Elise hakumwacha dada yake ajifiche. Alibuni mfuko wa plastiki unaonata kwenye ngozi, akabisha hodi kwa watengenezaji mpaka akampata aliyekubali, na mifuko ya leo imetokana na kazi hiyo. Ndugu alipomwona ndugu yake amejificha, alitafuta cha kumtoa nje. Zaidi ya miaka 70 imepita, na bado kwetu kuna watu wanarudishwa nyumbani na matambara.

Na tuliseme lile la jinsia. Mwanamume akiwekewa mfuko, mkewe huambiwa avumilie. Mwanamke akiwekewa, mumewe huambiwa afikirie. Mama zetu wenyewe ndio wanaoyasema yote mawili, kwa mdomo uleule. Anayetaka kujikinga kwa sheria naye asome: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 107, inataja mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Umo uzinzi, umo ukatili, kumo kumtelekeza mwenzi kwa miaka mitatu au zaidi. Mfuko wa choo haumo. Aliyetajwa ni anayekimbia.

Wengine huleta dini, wakasema ni najisi. Fiqhi ina mlango wa wenye udhuru, wale wanaotokwa na kitu wasichoweza kukizuia: wakati wa sala ukiingia hutawadha, wakasali, na sala yao ni sala. Aliyekubaliwa kwenye msala hawezi kufukuzwa kitandani kwa hoja hiyohiyo. Na mwenye mfuko huoga nao, hauingii maji.

Wakwe na mashangazi, nawaomba mnyamaze mpaka mwenye ndoa azinduke. Makungwi, ongezeni somo hili kwenye yale mnayofundisha. Wanaopanga bima ya afya, mfuko huu utolewe kama inavyotolewa dawa ya presha, kila mwezi, bila mtu kuombaomba. Na wewe muuguzi ambaye kesho asubuhi utamruhusu mgonjwa mwenye mfuko: usimkabidhi mfuko na karatasi ya tarehe ya kurudi, ukaona umemaliza. Mwite mwenzi wake, funga mlango, na uwaambie wote wawili lini wanaweza kurudiana chumbani, njia ipi ya uzazi wa mpango wasiitegemee, wasubiri muda gani kabla ya mimba, na ikiingia waje kwa nani.