Miungu Walao Watu

Wapo watumishi wenzetu wanaowakataza vijana kutazama Stargate, kwa madai kwamba tamthilia hiyo inamtukana Mungu. Sisi tunaona wanapiga kivuli na kumwacha mwenye kivuli.

Filamu ya kwanza ilitoka mwaka 1994, ikiongozwa na Roland Emmerich. Mwaka 1997 ikafuata tamthilia ya televisheni, Stargate SG-1, iliyodumu misimu 10. Kisa chake ni pete kubwa iliyofukuliwa Giza, nchini Misri, mwaka 1928. Zikipangwa alama saba, pete hiyo huwa lango. Anayepita anatokea mara moja kwenye sayari ya mbali. Huko wanakutwa wanadamu waliochukuliwa zamani kutoka duniani, wakiwatumikia wanaojiita miungu, kama Ra na Apophis.

Kumbe si miungu. Ni viumbe wa mfano wa nyoka, waitwao Goa'uld, wanaoingia katika mwili wa mtu na kuutawala, huku mwenye mwili akibaki mfungwa ndani yake. Watu wanawachimbia madini, wanawapigania vita na kuwapigia magoti. Katika misimu ya mwisho wanatokea Ori, ambao hupata nguvu kutokana na kuabudiwa.

Je, hapo Amri ya Kwanza imevunjwa wapi? Eliya aliwadhihaki manabii wa Baali pale Karmeli. Isaya alimcheka mtu anayekata mti, akaokea mkate kwa kipande kimoja na kukisujudia kingine. Kuwafichua miungu wa uongo ni kazi ya Maandiko tangu zamani. Anayekasirika mungu mwizi anapofichuliwa, tunamwuliza: unamtetea nani?

Maana wanaonenepa kwa ibada za watu hawako kwenye sayari za mbali tu. Wapo wanaouza maji na mafuta, wanaopanga bei ya maombi, wanaomwambia mama mgonjwa kwamba imani yake ni haba kwa kuwa bahasha yake ni nyepesi. Kijana aliyetoka kwenye mahubiri ya namna hiyo hahitaji kufafanuliwa Goa'uld ni nani.

Hata hivyo, tunao ugomvi na tamthilia hii. Mbali na miungu wanaokula watu, inatuonyesha wahenga waliopaa kutoka hali ya mwili, wenye uwezo mkubwa, lakini wameshika sheria ya kutoingilia mambo ya walio chini. Basi mtazamaji anaachiwa mungu anayekula watu, au mwenye nguvu anayewatazama wakiliwa. Hapo ndipo tunapokataa.

Sisi tunamhubiri Mungu wa namna nyingine kabisa. Goa'uld huuteka mwili wa mwingine. Neno alifanyika mwili, naye Mariamu aliambiwa kwanza, akakubali. Hakupita lango la kumfikisha papo hapo. Alikaa tumboni kama mtoto yeyote, akakulia Nazareti, akaenda Yerusalemu kwa miguu, akafa kweli. Mwaka 1518, huko Heidelberg, Martin Luther alifundisha kwamba anayemtafuta Mungu katika fahari humkosa. Mungu hujulikana katika mateso na msalaba. Na kila tunapoikaribia meza ya Bwana, hatumkuti mungu mwenye njaa ya miili yetu. Tunamkuta anayetupa mwili wake tule.

Kwa hiyo, ndugu watumishi, acheni kuzima televisheni. Kaeni na vijana, mwaulize swali moja: mungu huyu anawala watu, au anawalisha? Wakishalizoea, watalileta kanisani. Watalielekeza kwenye mimbari za wengine na kwenye zetu, watataka kujua sadaka imekwenda wapi na nani ameshiba. Wasinyamazishwe. Kanisa linaloogopa swali hilo limeanza kumtumikia Ra, hata kama juu ya altare yake umesimama msalaba.