Andikeni Saa na Tarehe Ukutani

Wazee wangu, mama zangu, yaya zangu na watoto wa Kabondo, komini yetu ya Kisangani,

Nawasalimu kutoka Bruxelles, na salamu zangu za leo zina hasira. Juzi simu yangu ilijaa picha za viti vilivyovunjwa. Konseti ilitangazwa saa tisa alasiri. Msanii aliyetoka Kinshasa akapanda jukwaani saa saba ya usiku, akaimba nyimbo tatu kwa pleibeki, akaenda zake. Watu walikuwa wametoa faranga zao. Akina mama wenye watoto mgongoni walinyeshewa, jenereta ilizimika, na orkestra za kwetu zilizofika tangu adhuhuri zikakatwa moja baada ya nyingine ili mgeni apate nafasi. Kulipokucha mji wote ulikuwa na neno moja: ni vijana wa Kabondo, hao hawana adabu.

Nakataa. Aliyewaahidi watu saa tisa akaja saa saba ya usiku ndiye asiye na adabu. Viti sivitetei, kiti ni mali ya mtu na kina jasho la mtu. Lakini kijana aliyekaa saa kumi juani na mvuani, aliyetoa pesa aliyoipata kwa kubeba watu kwenye baiskeli ya toleka kutwa nzima, amekosewa kabla hajakosa. Mbona hilo halisemwi? Mbona kila mara Kabondo ndiyo inayoombwa kuomba radhi?

Sasa nikishawatetea, niruhusuni niwagombeze, kwa sababu mimi ni wa kwenu.

Huku ninakoishi, Ixelles, karibu na Matonge yetu hii ya Ulaya, mwezi wa tisa tu ratiba ya kumbi inakuwa mezani kwangu. Najua nani atacheza mwezi wa pili, saa ngapi, bei gani, na mlango unafungwa saa ngapi. Kila mwaka mwezi wa tano kuna Kunstenfestivaldesarts, tamasha kubwa la michezo ya kuigiza na dansi, na tarehe zake watu huziandika kwenye kalenda zao mapema kama wanavyoandika ubatizo. Hilo peke yake lisingeniuma. Kinachoniuma ni majina ninayoyakuta kwenye ratiba za Ulaya. Faustin Linyekula, mcheza dansi aliyezaliwa Ubundu mwaka 1974 na kukulia hapo Kisangani, alicheza Avignon mwaka 2007, New York kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan mwaka 2017, na Tate Modern ya London. Mimi niliye mbali hivi najua miezi kabla lini mtu wetu atapanda jukwaa la wageni. Shangazi yangu anayeishi Kabondo hajui Jumamosi hii nani anapiga gitaa mitaa miwili kutoka kwake. Anasikia sebene linalia, ndipo anauliza kuna nini, na akishajifunga kitenge chake, wanakunja nyaya.

Simlaumu Linyekula hata kidogo. Yeye angeweza kubaki nje kama mimi. Studios Kabako, kituo chake cha dansi na michezo ya kuigiza, aliianzisha Kinshasa mwaka 2001, na mwaka 2006 akaipeleka Kisangani, wakati watu wenye akili zao walikuwa wanautoroka mji huo. Mwaka 2009 alitunga "more more more… future" pamoja na Flamme Kapaya, mpiga gitaa wa Kisangani aliyekuwa akipigia Werrason, kwa maneno ya Antoine Vumilia Muhindo, rafiki yake wa utotoni aliyekuwa gerezani Makala. Nikiifikiria kazi hiyo nakosa la kujibu: watu watatu waliochukua maisha ya kwetu, na vita vyake na ndombolo yake, wakayapeleka mbele ya dunia, na mmoja wao akarudi kuishi hapo hapo. Mimi niliondoka baada ya vita vya siku sita vya Kisangani na sikurudi ila kwa likizo na matanga.

Mji wetu wa Kisangani haujawahi kukosa watu. Abeti Masikini alizaliwa hapo mwaka 1954, ukiitwa bado Stanleyville. Mwaka 1973 aliimba Olympia ya Paris, mwaka uliofuata akaimba Carnegie Hall ya New York, na katika nyimbo zake Kiswahili chetu kilikuwamo. Koffi Olomide naye ni mzaliwa wa hapo, mwaka 1956. Tunazaa, tunalea, halafu tunawapa Kinshasa na Paris, na baadaye tunalipa kiingilio kuja kuwaona wanarudi kama wageni.

Basi nasema neno langu, na nitalisema kwa urefu kwa sababu nimelifikiria sana: mji unahitaji ratiba moja ya maonyesho, iliyoandikwa, iliyobandikwa ukutani, inayoonyesha miezi mitatu ijayo. Na ianzie Kabondo.

Msiniambie mna WhatsApp. Picha ya tangazo inapita kwenye simu asubuhi, jioni imeshazikwa chini ya mahubiri na picha za wafu. Mwenye simu isiyo na chaji hakuiona, mama asiye na simu hakuiona, na picha hiyo mara nyingi haina saa ya kweli wala bei ya kweli. Gari lenye spika linapita mara moja, aliyekuwa sokoni ndiye aliyesikia. Kitambaa kinachotundikwa juu ya barabara Makiso kinasomwa na watu wa Makiso.

Ninachotaka ni ubao mkubwa wa mbao uliopakwa rangi, wenye paa dogo la bati kwa sababu kwetu mvua haina mwezi wa kupumzika. Mmoja kwenye uwanja wa komini, mmoja sokoni. Ukifanikiwa Kabondo, wauchukue wenzetu wa Tshopo, Mangobo, Makiso, komini ya Kisangani na Lubunga, komini zote sita. Juu yake andikeni siku, mahali, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, bei, na jina la mtu anayewajibika. Hilo la mwisho msilisahau. Leo konseti ikiharibika hakuna mwenyewe: mwandaaji anasema ni msanii, msanii anasema ni sono, yaani vyombo vya sauti, mwenye sono anasema ni umeme. Jina likiandikwa ukutani, watu wanajua mlango wa kubisha.

Na mabadiliko yaandikwe pale pale, kwa rangi nyekundu, mapema. Kuahirisha si dhambi. Dhambi ni kuwaacha watu wamekaa.

Saa ya kumaliza ndiyo iliyobeba mengi. Kwetu jua linazama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Konseti ikianza kweli saa tisa alasiri na kwisha saa kumi na mbili, binti wa miaka kumi na sita ataruhusiwa na mama yake, kwa kuwa atarudi kukiwa na mwanga. Mtu wa Lubunga atavuka mto na mtumbwi wa jioni bila kulala kibarazani kwa watu. Mwenye kuuza lituma na samaki wa kukaanga atajua apike kiasi gani. Na jenereta haitakuwa mfalme wa shughuli. Kituo cha umeme cha Tshopo ni cha enzi za Wabelgiji, kina mitambo mitatu, na ninyi mnajua ni mara ngapi yote mitatu inazunguka kwa pamoja. Mafuta ya kuwasha taa za jukwaa mpaka alfajiri ndiyo yanayokula kashe ya mpiga ngoma. Mchana taa ni ya Mungu.

Najua mtasema muziki wetu ni wa usiku. Nganda, baa zetu, zina usiku wake, sizigusi, mwenye kutaka kucheza mpaka jogoo awike na acheze. Mimi nasemea maonyesho ya watu wote: orkestra za mtaani, kwaya, fanfa, vijana wa rap na slam, michezo ya kuigiza, wazee wenye ngoma za mababu. Hawa wote wanafanya mazoezi mwaka mzima uani mwa watu na hawana siku. Mwenye siku ana sababu ya kufanya mazoezi. Na ratiba ikijulikana, makundi mawili hayatagombea Jumapili moja huku Jumapili tatu zinazofuata hazina kitu.

Jambo jingine linanichoma zaidi, na wengine huku hawatapenda nikilisema. Wanamuziki wanaotukalisha usiku kucha kwetu ni hao hao wanaofika kwa saa Ulaya. Hapa mkataba wa ukumbi una saa ya kuzima sono, na anayeipitisha anakatwa pesa. Kwa hiyo wanajua kusoma saa. Heshima hiyo wanaitoa mahali inapodaiwa, na kwetu hakuna anayeidai. Nilishasikia mtu mzima wa Kabondo akisema kwa fahari kwamba msanii mkubwa lazima achelewe. Baba, nani alikufundisha hivyo? Ukubwa wa mtu utapimwaje kwa muda aliokunyang'anya wewe?

Nasi wa ughaibuni tusijifanye watakatifu. Kwa miaka mingi wenzetu wengine wa Paris, Bruxelles na London walizuia konseti za wanamuziki wa nyumbani, wakisema wanaimba kwa ajili ya watawala. Tarehe 28 Februari 2020, jioni Fally Ipupa alipoimba Bercy, moto uliwashwa karibu na Gare de Lyon na dunia ikatuangalia. Mwaka 2023, tarehe 25 Novemba, alijaza Paris La Défense Arena. Hasira ya wale naielewa, kwani watu walikuwa wanakufa mashariki mwa Kongo na redio zilikuwa zinapiga sifa za wakubwa. Lakini muziki wenyewe ulipotoka usiku ule wa Bercy na pikipiki zinaungua, mimi nilifikiria uwanja wa shule ya kwetu ambako mtoto hajawahi kuona orkestra kamili ikipiga mbele yake, na sisi huku tunachoma ile tuliyo nayo.

Kuna mifano karibu na kwetu, sihitaji Wabelgiji kunifundisha. Sauti za Busara ya Zanzibar ilianza mwaka 2004, na kila mwaka watu wanajua kuwa ni Februari. Mwaka 2016 pesa zilikosekana, wakatangaza mapema kuwa hakuna, na mwaka uliofuata wakarudi. Goma, ndugu zetu waliokaa chini ya bunduki na chini ya volkeno, walianza kuandaa Amani Festival mwaka 2014, na orkestra zilitoka nchi jirani kuja kuwapigia. Kisangani yetu ina mto, ina chuo kikuu tangu mwaka 1963, ina vijana wengi kuliko viti. Na rumba yetu UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwezi wa kumi na mbili 2021. Wameiandika Paris, na sisi hatujaiandika kwenye ukuta wa komini.

Kama mnaniuliza siku ya kwanza iwe ipi, nasema tarehe 10 Juni. Ni siku ambayo mizinga ya Rwanda na Uganda ilinyamaza mwaka 2000, baada ya siku sita za kupigana juu ya vichwa vyetu, ugomvi ambao haukuwa wetu. Kabondo ilizika watu. Kila mwaka kuna hotuba, na hotuba zinakwisha watu wakiwa bado na kiu. Wekeni alasiri ya kwaya na magitaa, kiingilio bure, saa tisa mpaka saa kumi na mbili, na waliozaliwa baada ya vita wasikie wazee wakiimba yale waliyoyaimba kujipa moyo chini ya vitanda.

Sasa pesa. Sisi wa huku tunatuma sana, lakini tazameni tunatuma kwa ajili ya nini: jeneza, hospitali, matanga, jeneza tena. Nimechangia mazishi ya wanamuziki ambao sikuwahi kununua tikiti yao walipokuwa hai. Ninalala na hilo. Nimezungumza na wachache wa Kabondo tulio hapa na wa Liège, tuko tayari kulipia mbao, bati na rangi ya mbao mbili za kwanza, na kashe ya orkestra tatu za mtaani kwa ile Juni ya kwanza. Hatutaki majina yetu yaandikwe juu. Hatutaki pia kuchagua nani apige, kwa sababu mtu aliyeondoka hana haki ya kuwapangia waliobaki. Nimewagombeza kurasa nzima na najua haki hiyo pia ni ndogo, nimeitumia tu kwa kuwa shangazi aliniambia: andika, wewe wanakusoma.

Ninachowaomba ni mkutano mmoja wa wenye orkestra, wakuu wa kwaya, akina mama wa soko na mkuu wa komini, na jibu la maswali mawili. La kwanza, ubao usimame wapi ili uonekane na asiyejua kuuliza. La pili, nani atauandika kila Jumatatu. Mumchague ninyi. Awe na mwandiko unaosomeka kwa mbali, asiwe na orkestra yake mwenyewe, na awe mtu asiyeona haya kumpigia mwanamuziki simu alfajiri ya siku yenyewe na kumuuliza kama saa tisa bado ni saa tisa.