Sponji Ndani ya Tairi

Wasomaji wa ukurasa huu wametuzoea tukizungumzia ada za shule, malezi ya mayatima na mizozo ya mirathi. Wiki hii tunaomba ruhusa ya kuzungumzia pete ya sponji inayokaa ndani ya tairi la gari la kuchezea. Tuna deni kwa kijana wetu wa miaka 13, naye ameweka sharti kwamba deni hilo tulilipe hapa hapa gazetini.

Gari lenyewe alitumiwa na mjomba wake anayefanya kazi Muscat. Si lile la plastiki linalouzwa kwenye meza za sikukuu, ambalo Idi mosi huvuma na Idi pili likawa limekwisha kufa. Hili ni gari la kupandia mawe, lililoundwa kwa kipimo cha moja kwa kumi, yaani kila sentimita yake moja husimama mahali pa sentimita kumi za gari halisi. Lina springi, lina difu mbele na nyuma, na magurudumu yote manne husukuma. Huendeshwa kwa rimoti, tena taratibu, mwendo wa mtu anayetembea, kwa kuwa sifa yake haimo katika mbio bali katika kupanda pale ambapo gari jingine lingekwama. Bei yake hatukuiuliza, na tunashukuru kwamba hatukuiuliza.

Siku ya kwanza tulilipeleka kwenye mawe ya ufukweni, Raskazoni, hapa Tanga. Tairi liligusa ncha ya jiwe kama mpira wa miguu uliojazwa upepo kupita kiasi, likadunda, likateleza, na gari likarudi kinyumenyume na kupinduka. Likasimamishwa, likapinduka tena. Watoto wa jirani walicheka. Nasi, badala ya kuchunguza, tulitoa hukumu: tukamwambia kijana mbele ya wenzake kwamba hajui kuendesha, ana pupa. Hakujibu. Alilipangusa mchanga, akalirudisha ndani ya boksi lake, na kwa wiki tatu hakulitoa.

Kisha mjomba wake akapiga simu kusema kwamba amepata likizo na yuko njiani kuja. Akauliza habari za gari. Kijana akajibu, "Linakwenda vizuri sana, mjomba." Tulikuwa tumeketi hapo hapo tukisikiliza, na tulijua fika ni nani aliyemlazimisha kusema uongo ule.

Usiku huo tukalitoa tairi moja. Ieleweke kwamba tairi la gari la namna hii halina tyubu wala upepo wa kujazwa. Rimu ina tundu dogo, na tairi linapokandamizwa hewa hutoka, linapoachiwa hewa hurudi. Kinachobeba uzito wote ni pete ya sponji iliyozungushwa ndani. Sponji ikiwa ngumu, au kubwa kuliko nafasi yake, tairi husimama juu ya jiwe kwa nukta moja tu na kuteleza. Ikiwa laini mno au ndogo mno, tairi hukumbatia jiwe vyema, lakini gari likipita kwenye mteremko wa ubavuni, tairi la upande wa chini hujikunja na gari hulala. Baina ya hali hizo mbili ndipo penye kazi ya mkasi na kisu.

Bahati yetu ni kwamba rimu zile hubana tairi kwa pete na skrubu, basi bisibisi ilitosha. Nyingine nyingi hugandishwa kwa supagluu, na hizo hazifunguki mpaka zichemshwe katika maji moto gundi ilegee, au zilowekwe katika asetoni, ile iliyomo katika baadhi ya dawa za kufutia rangi ya kucha. (Wenye kutaka kujaribu wasitumie sufuria ya wali.)

Tulichokikuta ndani kilitutia haya. Pete ya sponji ilikuwa pana kuliko tumbo la tairi, imejikunja upande mmoja mithili ya mto mkubwa uliosukumwa kwa nguvu ndani ya foronya ndogo. Hapo palikuwa na nundu, na nundu ile ndiyo iliyokuwa ikilirusha gari. Kijana alikuwa akiendesha sawasawa tangu siku ya kwanza.

Ungedhani kwamba aliyekwisha kosa mara moja kwa haraka asingekosa tena. Tulichukua mkasi wa jikoni tukaanza kupunguza. Mkasi huibana sponji kabla ya kuikata, hivyo kipande kikitoka huwa kina ngazi ngazi, nawe hujui umeondoa kiasi gani mpaka ukiachie. Tukakata, tukaona bado, tukakata tena. Tulipoirudisha ndani na kubonyeza kwa kidole gumba, tairi lilizama lote. Kijana alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba, ulipima?"

Hatukuwa tumepima. Sponji iliyokatwa hairudi, na tulimwambia hivyo, pamoja na neno ambalo tulipaswa kumwambia wiki tatu kabla: kwamba tulimdhulumu mbele ya wenzake, na kwamba tunaomba radhi. Alitikisa kichwa, akauliza kisu kiko wapi.

Kesho yake tulikwenda kwa fundi makochi wa mtaa wetu, ambaye vipande vya sponji kwake ni takataka. Alitupa viwili bila malipo, akatueleza tofauti ambayo hatukuijua. Sponji ya godoro ina vitundu vilivyofunguka, hivyo hewa na maji hupita. Ni laini, na ikizama majini hunywa. Nyingine ina vitundu vilivyofungwa, kama soli ya kandambili: ni ngumu zaidi, hainywi maji, na ukiibonya husukuma kidole. Baadhi ya pete za magari haya huchanganya zote mbili, kiini kigumu karibu na rimu na tabaka laini juu yake. Fundi akaongeza, "Sponji haitaki nguvu, inataka makali," akatupa na wembe mpya.

Kazi yote iliyofuata ilikuwa ya kijana, sisi tulishika taa. Alipima ndani ya tairi kwa rula, akachora duara juu ya sponji kwa kalamu, akakata kwa mikato mifupi bila kuibana. Alitengeneza pete mbili mpya, si moja, kwa sababu magurudumu ya ekseli moja yakitofautiana gari huegemea upande. Kingo akazikwangua mviringo ili zilale vizuri kwenye mbavu za tairi. Zile pete mbili za nyuma, ambazo bado zilikuwa ngumu, alizipunguza upana kwanza, kisha akagawa duara mafungu manane na kutoa pembetatu ndogo katika kila mpaka, ili sponji ipate pa kujikunjia inapoelemewa. Baada ya kila mkato alirudisha, akabonya, akatoa tena. Kazi ya mchana mmoja ilichukua siku tatu, nasi tulijizuia kumharakisha, jambo ambalo halikuwa rahisi.

Jumamosi gari lilipanda. Tairi lilishuka juu ya jiwe kama kiganja, likashika, gari likapita. Wimbi moja lilililowesha, na tuliporudi nyumbani alifungua magurudumu yote manne, akaziosha sponji kwa maji baridi ili chumvi itoke, akazianika kivulini.

Mjomba alifika wiki iliyofuata. Alipokea rimoti kwa furaha, akabonyeza kwa nguvu, na kwenye jiwe la kwanza gari likapinduka. Kijana alitutupia jicho, kisha akamgeukia mjomba wake.

"Polepole kidogo, mjomba. Subiri tairi lishike kwanza."