Haki ya Mchoraji Kuikata Kazi Yake

Miongoni mwa maswali ambayo watazamaji huuliza waingiapo katika chumba cha mchoraji, hakuna linalotangulia kuliko hili: picha hii ilikuchukua siku ngapi? Swali lenyewe halina ubaya, na aghalabu huulizwa kwa nia njema, lakini limejengwa juu ya dhana kwamba kazi ya uchoraji ina mwanzo mmoja na mwisho mmoja, kwamba mtu huketi mbele ya turubai tupu, akalijaza, akatia sahihi pembeni, akainuka, na kwamba lililokwisha limekwisha, haliguswi tena ila na vumbi. Dhana hiyo ndiyo ninayoipinga, kwa kuwa naiona inawadhulumu wachoraji ambao kila siku huzirudia picha zao za zamani kwa mkasi na gundi, wakikata hapa, wakibandika pale, wakipaka rangi juu ya kilichobandikwa na kubandika tena juu ya rangi, na ambao malipo yao ni kuitwa waharibifu wa mali au watu wasiojua walitakalo.

Kubandika katika uchoraji wa Ulaya si jambo la kale sana. Mwaka 1912 Pablo Picasso alitia katika picha ndogo kipande cha kitambaa cha meza kilichopigwa chapa mfano wa kiti cha kusukwa, akaizungushia picha nzima kamba badala ya fremu; na mwaka huohuo mwenziwe, Georges Braque, aliona katika duka moja la Avignon karatasi ya ukutani iliyochapwa mfano wa mbao za mwaloni, akasubiri mpaka Picasso alipokwenda Paris ndipo akainunua, akaikata, na kuitia katika mchoro wake wa mkaa. (Subira hiyo ya Braque hunichekesha kila niikumbukapo, kumbe hata mafundi wakuu hufichana dukani.) Lakini hao wawili walileta ndani ya picha vitu vya nje, na ninalolisema mimi ni jambo jingine, nalo ni zito zaidi, yaani mchoraji kuigeuza kazi yake mwenyewe ya jana kuwa vifaa vya kazi ya leo.

Katika jambo hilo sijaona shahidi bora kuliko Lee Krasner, mchoraji wa Marekani aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1908. Wengi humjua kwa jina la mumewe, Jackson Pollock, yule aliyenyunyiza rangi juu ya maturubai yaliyotandikwa sakafuni. Na walipohamia Springs, kijiji cha Long Island, mwaka 1945, haukupita muda mrefu mume akalitwaa ghala kuwa mahali pake pa kazi na mke akabaki kuchora katika chumba cha juu cha nyumba. Oktoba 1951 Krasner alitundika picha 14 katika nyumba ya sanaa ya Betty Parsons, New York. Haikuuzwa hata moja. Akazirudisha nyumbani, nazo zikakaa hapo kama wageni ambao hawajui siku ya kuondoka.

Yapata miaka miwili baadaye alikuwa amezijaza kuta za studio yake, tangu sakafuni hadi darini, michoro ya rangi nyeusi juu ya karatasi nyeupe. Siku moja aliingia, akaitazama yote, akaichukia. Akaishusha ukutani, akaichana kwa mikono yake, akavitupa vipande chini, akafunga mlango, akaenda zake. Zilipita wiki kadhaa asikanyage mle. Aliporudi, kwa masimulizi yake mwenyewe, alikuta sakafu imetapakaa, na katika ule mtapakao akaanza kuona mambo ambayo hakuyaona michoro ilipokuwa mizima. Akaviokota vipande, akavibandika. Kisha akazigeukia zile picha zilizokosa mnunuzi mwaka 1951, nyingine akazikata, nyingine akazifanya uwanja wa chini, rangi zake za zamani zikichungulia kati ya vipande vipya. Na juu ya hayo akaongeza mabaki ya turubai ambayo Pollock alikuwa ameyatupa, ambayo hata leo yamo katika picha yake ya 1955 iitwayo Bald Eagle. Waama, ni mke gani wa mtu mashuhuri aliyepata kumjibu mumewe kwa adabu kama hiyo na kwa ukali kama huo?

Mwaka 1955 picha hizo zilionyeshwa katika Stable Gallery, New York, mahali ambapo zamani palikuwa zizi la farasi, na inasimuliwa kwamba siku za unyevu harufu ya wenyeji wa kwanza ilikuwa bado ikirudi. Clement Greenberg, mhakiki ambaye hakuwa mwepesi wa kumsifu Krasner, amenukuliwa baadaye akiyahesabu maonyesho yale miongoni mwa makubwa ya mwongo ule. Wala mwanamke yule hakuishia hapo. Katikati ya miaka ya 1970, umri wake ukikaribia sabini, alifungua furushi la michoro ya mkaa aliyoichora alipokuwa mwanafunzi wa Hans Hofmann, kuanzia mwaka 1937. Michache akaiweka, na mingi akaikata kwa mkasi, mistari minyofu na pembe kali, mbali kabisa na machano ya mikono ya 1953. Picha 11 zilizotoka humo zilionyeshwa mwaka 1977, nazo alizipa majina ya nyakati na hali za kitenzi, kama vile Imperative na Past Continuous. Karatasi ya mwanafunzi ilikuwa imengoja takribani miaka 40 kabla ya kujua itakuwa nini.

Naijua hoja ya upande wa pili, na sitaki kuipita kwa haraka kwa sababu ina haki yake. Mwanahistoria wa sanaa atasema kwamba picha iliyokatwa imepotea, kwamba nyingi kati ya zile za 1951 hatuwezi tena kuziona kama walivyoziona waliokuwapo, na kwamba mchoraji si mwamuzi mwema wa kazi yake siku ya ghadhabu. Hasara hiyo naikubali. Lakini picha ambayo haijauzwa wala kutolewa ina mwenyewe mmoja tu, naye ni aliyeichora, na madai ya makumbusho juu yake hayajazaliwa bado; tukimlazimisha aitunze kwa ajili ya vizazi, tumemnyang'anya akiba yake ya kazi tukampa badala yake kazi ya bawabu. Mpaka wa haki hii, kwa maoni yangu, uko wazi: asiguse picha aliyokwisha kuiuza, asiguse ya mwenzake bila idhini, na asidhani kwamba kila picha iliyokufa hufufuka kwa kubandikwa kipande cha gazeti. Nimeona kazi nyingi za namna hiyo, ambamo karatasi imewekwa kuficha mkono uliochoka, na jicho hulitambua jambo hilo upesi kuliko mchoraji anavyodhani.

Na yeyote anayedhani kuwa kukata ni njia ya mkato na asimame karibu na meza ya mtu afanyaye hivyo kila siku. Kwanza picha ya zamani hugeuzwa kichwa chini, au hutazamwa katika kioo, ili macho yasahau ilikuwa picha ya nini. Kipande kikikatwa hakibandikwi papo hapo. Hushikizwa kwa pini, husogezwa, huondolewa, hurudishwa kesho yake. Henri Matisse, ambaye upasuaji wa mwaka 1941 ulimwacha akitegemea zaidi kitanda na kiti cha magurudumu, aliishi miaka yake ya mwisho katika shughuli hiyo: wasaidizi walizipaka karatasi rangi, yeye akazikata, nao wakazitundika ukutani kwa pini na kuzihamisha kwa maelekezo yake, tena na tena, kabla gundi haijaguswa. Gundi ndiyo hukumu. Karatasi ikilowa hutanuka, na ikikauka hujikunja na kuvuta iliyo chini yake, kwa hiyo hulowanishwa kwanza, huachwa itulie, ndipo ikalazwa na kukandamizwa kwa kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni hata hewa yote itoke. Rangi ya mafuta iliyokauka usoni huweza kuwa ingali mbichi ndani kwa miezi, na gundi ya maji haishiki vema juu yake. Uji wa ngano, ambao ni gundi ya bei nafuu, katika joto na unyevu wa pwani ni karamu ya mende na ukungu. Na karatasi ya gazeti, kwa kuwa rojo yake ya mti huachwa ikiwa na lignini, ile dutu inayoupa mti ugumu, hugeuka manjano na kuvunjika ikikaa katika mwanga. Mtu anayeyapima mambo hayo yote kila asubuhi kabla ya kuamua kipande kiende wapi hawezi kuitwa mvivu.

Huku kwetu soko limefundisha mwenendo mwingine. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia vipande vya hadibodi na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, na baada ya kifo chake mwaka 1972 wanafunzi na jamaa zake waliieneza namna ile hata ikajulikana duniani. Sina neno na uchoraji huo, ambao umelisha watu wengi na kupamba kuta nyingi. Lakini mnunuzi wa hoteli na mtalii mwenye ndege ya kesho wamewazoeza wachoraji wengi, wa namna hiyo na wa namna nyingine, kwamba picha iliyopata mteja irudiwe vilevile, na ile iliyokosa mteja isipewe nafasi hata ya kufikiriwa. Ndiyo sababu nafurahi kwamba mmoja wa wachoraji wa Afrika ya Mashariki wanaojulikana mno leo, Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, alijipatia jina kwa mkasi: alikata majarida ya mitindo na ya magari, na katika mfululizo mmoja wa 2006 alivibandika vipande juu ya michoro ya zamani ya vitabu vya tiba, hata viungo vya wagonjwa vikawa nyuso zinazomkodolea macho mtazamaji. Turubai na rangi nzuri kwetu ni vitu vya kuagizwa, na bei yake si ya mchezo. Hivyo mchoraji kijana asiye na fedha ya turubai jipya ana sababu ya ziada ya kufungua lile la zamani.

Walimu nao wana sehemu yao. Inasimuliwa kwamba Hofmann, alipokuwa akimfundisha Krasner, alichana mchoro wake mbele ya darasa na kuvipanga vipande upya, ili aone jinsi nguvu ya picha inavyobadilika mistari ikihama. Naye Krasner alikasirika, na nani asingekasirika? Siwashauri walimu wetu wamwige mzee yule, maana mkono wa kuchana lazima uwe wa mwenye kazi. Ila badala ya kumpa mwanafunzi alama kwa karatasi safi aliyoileta siku ya mwisho, wangemtaka pia alete karatasi aliyoikata na kuijenga upya, aeleze kwa nini kipande fulani kimebaki na kingine kimeondoka, na wampe alama kwa maelezo hayo sawa na kwa picha.

Kuhusu ile hasara ya mwanahistoria, dawa yake siku hizi imo mfukoni mwa kila mtu. Picha moja ya simu kila jioni, kabla ya taa kuzimwa, huweka kumbukumbu ya hali ambayo turubai limepitia, jambo ambalo mchoraji wa 1953 hakuwa na njia nyepesi ya kulifanya. Na wenye nyumba za maonyesho, ambao chini ya kila picha huandika mwaka mmoja tu, wangeandika kwa picha za namna hii miaka yote miwili, wa turubai la chini na wa vipande vya juu, na kama picha ya simu ya hali ya kwanza ipo, waitundike kando, ndogo, kwa kimo cha macho.