Mbadala wa Nini?

Wasomaji wetu wengi wamezoea sasa kuandika "tiba mbadala" kila zinapotajwa dawa za miti shamba. Sisi twalipinga jina hili, na upinzani wetu si wa sarufi tu. Twalipinga kwa kuwa, katika mji kama Busia, laweza kumdhuru mgonjwa.

Mbadala ni kitu kinachoshika mahali pa kingine. Asemaye "mbadala" amekwisha kumwambia mgonjwa achague: ama mganga, ama daktari. Lakini ni wangapi huko Busia na Tororo waliowahi kuchagua hivyo? Wasamia na Wateso, ambao mpaka umewagawa kati ya nchi mbili, na Wapadhola wa Tororo vilevile, wengi wao humeza vidonge vya zahanati asubuhi na kunywa maji ya mizizi jioni, wala hawaoni kinyume chochote. Ila wamekwisha kufundishwa kwamba vitu hivi viwili haviketi pamoja. Kwa hiyo muuguzi aulizapo, "Umetumia dawa gani?" mgonjwa hujibu, "Sijatumia kitu." Hapo ndipo penye hatari, maana dawa mbili zaweza kugombana mwilini, na tabibu asiyeambiwa hawezi kuzipatanisha.

Tazameni sheria zenyewe. Kenya, katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017, ilitumia neno la Kiingereza lenye maana ya mbadala, ingawa sheria hiyo hiyo yataka uwekwe utaratibu wa waganga kuwapeleka wagonjwa hospitalini. Uganda, katika sheria yake ya mwaka 2019, ilichagua neno lenye maana ya kukamilisha. Basi avukaye kutoka Kenya kwa kupitia kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa mwaka 2018, huikuta dawa ile ile imegeuka jina: alikotoka ni mbadala, aendako ni kamilishi. Mti haukubadilika. Tanzania nayo ilikuwa imekwisha kutenga mambo haya tangu mwaka 2002, kwani jina lenyewe la sheria yake lataja tiba asili na tiba mbadala kuwa vitu viwili. Kiswahili kinalo neno. Uvivu ni wetu.

Wako watakaosema kwamba twawatetea matapeli. La hasha! Malaria, iliyoitesa Tororo kwa miaka mingi, hutibiwa leo kwa dawa mseto ambayo sehemu yake moja asili yake ni mmea wa pakanga wa China. Tu Youyou, aliyeivumbua, alipekua vitabu vya kale vya waganga wa kwao, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani halishauri watu kunywa chai ya majani hayo ili kutibu malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa kilichomo hakitabiriki na hakitoshi. Asili ya dawa, basi, si aibu wala si sifa. La maana ni kipimo, nacho hakipatikani kwa jambo lililofichwa.

Tabibu ana wajibu wa kuuliza pasipo dharau, na mganga ana wajibu wa kutaja mti wake. Wajibu wetu sisi walimu ni lugha. Profesa John Kokwaro alikusanya mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, pamoja na majina yake ya kienyeji, katika kitabu kilichotoka mwaka 1976. Majina ya namna hiyo yana haki ya kuingia madarasani mwetu. Tuseme tiba asili, tuseme tiba ya hospitali, na neno mbadala tuliache lishike mahali pake. Zaidi ya hayo, mwalimu wa Busia na mwenzake wa Tororo wamzoeze mtoto kusema mbele ya tabibu, bila kuinamisha kichwa: "Nyumbani nilipewa dawa ya mizizi." Ni sentensi fupi, haina msamiati mgumu, nayo yaweza kuokoa roho.